Mashine za kuvuta waya kwenye maji: Mwekezaji apige hesabu kwanza

Anayetaka kutengeneza misumari au seng'enge hahitaji mashine ya kuvuta waya kwenye maji. Kazi hiyo humalizwa na mashine kavu, zinazotumia sabuni ya unga kama kilainishi. Mashine ya maji ni ya waya mwembamba wa chuma, kama ule unaofumwa ndani ya matairi ya magari.

Malighafi yake ni chuma kilichoviringwa, mara nyingi chenye kipenyo cha milimita 5.5. Husafishwa magamba ya kutu, huvutwa kwenye mashine kavu hadi kufikia karibu milimita 1, kisha hupashwa moto kiwandani ili kiweze kuvutwa tena bila kukatika. Waya wa matairi hupakwa pia mchanganyiko wa shaba na zinki, unaosaidia mpira kushikamana na chuma.

Ndipo waya huingia kwenye mashine ya maji. Ndani yake mna puli za ngazi na safu ya kalibu, yaani vipande vigumu vyenye tundu, kila tundu likiwa dogo kuliko lililotangulia. Vyote huzamishwa au kumwagiwa maji yaliyochanganywa na sabuni na mafuta. Kilainishi hicho hupunguza msuguano, hupoza waya na kuondoa vumbi la chuma.

Kupunguza waya kutoka milimita 1 hadi 0.2 huhitaji kalibu zipatazo 20. Kila mita 1 inayoingia hutoka ikiwa mita 25.

Hapo ndipo mwekezaji anapaswa kuwa makini. Tani moja ya waya wa milimita 0.2 ina urefu unaozidi kilomita 4,000. Mashine inayotoa mita 10 kwa sekunde itahitaji zaidi ya saa 112 kumaliza tani hiyo, hata isiposimama kabisa. Waya ukikatika, fundi hulazimika kuupitisha upya kwenye kalibu, na muda huo hakuna kinachozalishwa.

Chanzo cha kukatika mara nyingi ni kilainishi kichafu, chenye moto kupita kiasi au kilichopungua nguvu. Chanzo kingine ni kalibu iliyolika: tundu moja likipanuka, uwiano wake na puli huharibika. Kalibu za almasi hudumu kuliko za kabaidi ya tangsteni, lakini bei yake iko juu.

Kwa hiyo anayeuziwa mashine iliyotumika asiridhike kusikia mota ikinguruma. Akague chujio, tangi na mfumo wa kupoza kilainishi, na apapase puli kuona kama zimechimbika. Aulize pia seti ya kalibu inauzwa pamoja na mashine au kando. Bila majibu hayo, bei nafuu ya leo inaweza kumezwa na saa za kusimama kesho.