KHABARI SAHIHI ZA DAWA ZA KULEVYA

Enyi wazazi na vijana wa Nassa! Khabari nyingi tuzisikiazo juu ya bangi na heroini ni uvumi mtupu. Wako wasemao kwamba bangi huzidisha akili, na wako wasemao kwamba mtumiaji wa heroini hana tiba ila kufukuzwa. Kauli zote mbili ni za uwongo. Ya kwanza humtia kijana mtegoni, na ya pili humzuia asitoke.

Bangi hudhoofisha kumbukumbu, naye mwanafunzi hana mali ila hiyo. Ama heroini, mwili huizoea hata ukaumwa ukiikosa; basi mtu huyo ni mgonjwa. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, huwapa wagonjwa hao methadoni, dawa ya maji inywewayo kila siku mbele ya mhudumu, ipunguzayo uchu.

Muhimbili ni mbali na Nassa, bali simu i karibu: Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupigiwa bila malipo, nambari 119. Qur'ani imetuamrisha tuwaulize wenye elimu (An-Nahl, aya ya 43).

Nawe mzazi, mwanao akikuuliza, msikilize kwanza. Ukimkaripia, atakwenda kumwuliza muuzaji.