Gazi ya frigo na klimatizeri: sheria zimebadilika, tujilinde



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, vumbi la mawe na malaria. Leo tunasema juu ya kitu kinachokaa ndani ya nyumba: frigo na, kwa wachache, klimatizeri. Kutoka Kasongo mpaka Salamabila watu wanauliza: «Ni kweli kwamba gazi ya klimatizeri imekatazwa? Watakuja kuninyang’anya mashine yangu?»

Jibu ni hili: mapatano ya mataifa yanapunguza gazi inayotengenezwa na inayoingia katika nchi. Hayamkatazi mtu kutumia mashine aliyo nayo nyumbani. Lakini gazi ya zamani inakuwa adimu na bei yake inapanda. Kitu kikiwa adimu, wadanganyifu wanazaliwa, na hapo ndipo afya yetu inaingia hatarini.

GAZI INAFANYA KAZI GANI?

Ndani ya mabomba ya frigo kuna gazi inayozunguka. Motere inaikamua, inapata joto, nayo inatoa joto hilo nyuma ya frigo. Kisha inapanuka ndani, inapoa, na kuvuta joto la samaki na maji yako. Inazunguka hivyo miaka na miaka. Gazi hailiwi kama petroli ya pikipiki. Kama imepungua, mahali fulani pana tundu. Fundi anayekuongezea gazi kila mwaka bila kutafuta tundu anakula franga zako bure.

SHERIA ZILITOKA WAPI?

Frigo za kwanza zilitumia gazi zenye sumu, na watu walikufa nyumbani mwao. Karibu na mwaka 1930 wataalamu wa Marekani walileta gazi mpya, kama ile inayoitwa R-12. Haikuwaka moto wala haikunuka, na kila mtu alifurahi. Lakini mwaka 1974 wataalamu wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walionyesha kwamba gazi hizo zinapanda juu sana na kuharibu ozoni.

Ozoni ni kama mwavuli juu ya dunia. Inazuia mionzi mikali ya jua, ile inayoleta mtoto wa jicho na kansa ya ngozi. Ndugu zetu albino wanaijua hatari hiyo kuliko sisi sote. Mwaka 1985 Waingereza walitangaza kwamba mwavuli huo umepungua sana juu ya Antaktika. Tarehe 16 Septemba 1987, huko Montréal, mataifa yalipatana kupunguza gazi hizo. Katika nchi zetu zinazoendelea, R-12 na jamaa zake zilipaswa kwisha mwaka 2010.

Iliyofuata ni R-22, gazi ya klimatizeri nyingi za zamani. Kwa nchi zetu ilisimamishwa isiongezeke mwaka 2013. Gazi za kundi lake zilipunguzwa kwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Mwaka 2030 itakwisha, isipokuwa sehemu ndogo ya kutengeneza mashine zilizobaki, mpaka mwaka 2040.

Mahali pa R-12 na R-22 zilikuja R-134a na R-410A. Hizi haziharibu ozoni, lakini zinaongeza joto la dunia. Kilo moja ya R-410A inaleta joto kama kilo 2,000 na zaidi za kaboni dioksidi. Kwa hiyo tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa yalipatana tena, safari hii karibu na kwetu, Kigali. Kwa nchi za Afrika zilizoyakubali mapatano hayo, gazi hizi zilisimamishwa mwaka 2024, na mwaka 2029 zitaanza kupunguzwa.

Kazi hiyo si bure. Mwaka 2023 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema mwavuli wa ozoni unapona. Sehemu kubwa ya dunia inaweza kurudia hali ya mwaka 1980 kufika karibu na mwaka 2040.

HATARI IKO WAPI?

Ya kwanza ni moto. Gazi mpya nyingi zinawaka. Frigo mpya nyingi zina R-600a, jamaa ya gazi ya kupikia. Ndani yake ni kidogo, kwa kawaida haizidi gramu 150, na mashine ilitengenezwa kwa ajili yake. Hiyo haina shida. Shida ni fundi anayetia gazi ya kupikia ndani ya klimatizeri ya R-22. Mashine hiyo haikutengenezwa kwa gazi inayowaka. Cheche moja ya umeme ndani ya chumba kilichofungwa inatosha kuiteketeza nyumba.

Ya pili ni mpasuko. R-410A ina nguvu ya kusukuma kupita R-22 kwa zaidi ya nusu. Ukiitia ndani ya mashine ya R-22, mashine inaweza kupasuka. Wengine wanatafuta tundu kwa kutumia oksijeni ya atelye, ile ya kusudia. Msithubutu! Oksijeni ikikutana na mafuta ya motere inalipuka kama baruti. Kazi hiyo inafanywa na azoti.

Ya tatu ni gazi ya uongo. Mwaka 2011 kontena za baridi za melini zililipuka na kuua mafundi, kwa sababu ndani ya chupa zilizoandikwa R-134a mlikuwa na gazi nyingine ya sumu, inayokula aluminiamu. Maandishi ya chupa peke yake si ushahidi.

Ya nne ni kukosa pumzi. Karibu gazi zote hizi ni nzito kuliko hewa. Zinakaa chini, kama hewa mbaya inavyokaa katika shimo la mgodi. Mchimbaji anajua kwamba hashuki katika shimo lisilo na hewa. Mtoto anayelala sakafuni karibu na frigo inayovuja hajui.

FANYENI HIVI

1. Kabla ya kununua frigo au klimatizeri iliyokwisha kutumiwa, angalia kibati cha nyuma au cha ubavuni. Utaona herufi R na namba. Kama ni R-12 au R-22, fikiri mara mbili: bei ni ndogo leo, lakini kesho gazi itakushinda.

2. Kama mashine yako ya R-22 inafanya kazi vizuri, itumie. Safisha chujio la klimatizeri kila mwezi, na acha nafasi kati ya frigo na ukuta.

3. Usikubali gazi tofauti na ile iliyoandikwa juu ya mashine. Mwambie fundi akuonyeshe chupa kabla ya kuifungua.

4. Kazi ya gazi ifanywe nje, au milango na madirisha yakiwa wazi, mbali na mbabula, sigara na taa ya petroli. R-22 ikipita katika moto inazaa moshi wa sumu.

5. Usichome wala usikate mabomba ya frigo iliyokufa ili kuuza shaba. Fundi atoe gazi kwanza na kuihifadhi katika chupa. Ng’oa mlango wa frigo hiyo, mtoto asije akajifungia ndani.

6. Frigo za petroli zinatumia amonia, nazo hazimo katika mapatano haya. Lakini ukisikia harufu kali inayochoma macho, zima moto, fungua madirisha na toka. Tena usiiwashe katika chumba kisicho na hewa: moshi wake unaua mtu usingizini.

MTU AKIPATWA

Kama amevuta gazi, mpeleke nje kwenye hewa safi na mlaze atulie. Asikimbie wala asifanye kazi, maana gazi hizi zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Lakini chunga: usiingie mwenyewe katika chumba kilichojaa gazi. Fungua kwanza, hewa ipite.

Kama gazi imemrukia ngozini, baridi yake inaunguza kama moto. Weka mahali hapo katika maji ya uvuguvugu. Usisugue, usitie mafuta, usikaribishe moto. Kama imeingia machoni, osha kwa maji safi dakika 15. Kisha mlete dispanseri bila kungoja kesho, hata kama anasema amepona.

Akina baba, frigo inalinda chakula cha watoto, na katika dispanseri inalinda chanjo zao. Ni rafiki ya nyumba. Lakini kabla ya kuitia gazi, uliza ni gazi gani. Swali hilo halilipiwi hata franga moja. Kinga ni bora kuliko tiba.