Mpini wa Resini: Kalibu, Mkonge na Usalama wa Mkono

Tupa isiyo na mpini ni chombo cha hatari. Ncha yake nyembamba, iitwayo msuka, imeundwa ili iingie ndani ya mpini. Mpini ukikosekana, fundi huisukuma tupa kwa kiganja kitupu, na siku tupa itakapokwama ghafula, msuka huo ndio utakaomtoboa. Hali ni hiyo hiyo kwa patasi ambayo mpini wake umepasuka, na kwa bisibisi inayozunguka peke yake ndani ya mpini uliolegea.

Katika pwani ya Tanga na Pangani tatizo hili lina sababu zake za kimaumbile. Wakati wa masika mti hunywa unyevu ukavimba. Wakati wa kaskazi hukauka ukasinyaa. Kila mwaka tundu la mpini hupanuka na kubana, huku hewa ya chumvi ikiulisha msuka kutu. Mwishoni kishikio hulegea, ingawa chuma chenyewe bado ni kizima. Zana nyingi za namna hiyo hulala katika masanduku ya karakana zikingoja kutupwa au, jambo lililo baya zaidi, huendelea kutumiwa.

Makala haya yanaeleza jinsi mpini mdogo unavyoweza kumiminwa katika kalibu kwa kutumia resini na nyuzi za mkonge. Yanaeleza pia kwa nini mpini huo hushika, kwani ajuaye sababu hategemei bahati.

Sandarusi: resini ya Mrima

Resini ni utomvu unaoganda na kuwa kitu kigumu. Watu wa pwani hawakuanza jana kuufahamu. Msandarusi, ambao wanabotania huuita Hymenaea verrucosa, humea katika misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya. Gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu ambao hukauka polepole. Uliothaminiwa zaidi ni ule uliozikwa ardhini kwa miaka mingi. Katika karne ya 19 watu wa Mrima waliuchimba, ukapelekwa Unguja, na kutoka huko ukasafirishwa kwa merikebu hadi nchi za ng'ambo. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, na mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said uliwafungulia njia zaidi. Sandarusi ilitumika kutengenezea vanishi bora.

Kwa nini sandarusi ya ardhini ilikuwa ngumu kuliko ile mbichi ya mtini? Sehemu zake nyepesi zilikuwa zimekwisha kuvukiza, na molekuli zilizobaki zilikuwa zimeungana taratibu, moja na nyingine, mpaka zikawa kama wavu. Kitendo hicho cha molekuli ndogo kuungana na kuwa kubwa ndicho msingi wa resini zote za viwandani. Tofauti iliyopo ni ya muda: ardhi hutumia miaka mingi, ilhali kiwanda hutumia dakika.

Mwaka 1907 Leo Baekeland, mwanakemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi Marekani, alivumbua Bakelite, resini iliyotokana na kemikali tupu. Ilitumika katika swichi za umeme na vishikio vya sufuria. Lakini Bakelite huhitaji joto kali na mgandamizo. Kwa karakana ndogo inayofaa zaidi ni resini ya poliesta, ile itumikayo katika mashua za faiba, kwani huganda katika joto la kawaida baada ya kutiwa kigandishi.

Kuganda huku si kama kuganda kwa nta. Nta ikipashwa moto huyeyuka tena, kwa sababu molekuli zake hazikufungamana. Resini iliyokwisha kuganda haiyeyuki tena, kama vile yai lililochemshwa lisivyoweza kurudi kuwa bichi. Kwa hiyo kosa la kumimina halirekebishwi kwa moto.

Kuandaa msuka na kalibu

Resini haikishiki vizuri chuma laini chenye mafuta. Mpini hushika hasa kwa umbo. Ondoa kutu na mafuta katika msuka, kisha ukate mapengele madogo kwenye kingo zake kwa msumeno wa chuma. Resini itaingia katika mapengele hayo na kuuzuia msuka usichomoke. Msuka ulio bapa hauzunguki. Ulio mviringo sharti ufuliwe kidogo ili ubapike.

Kalibu yaweza kuchongwa kwa vipande viwili vya mbao kavu vinavyokutana kwa urefu, kila kimoja kikibeba nusu ya umbo la mpini. Umbo liwe pana zaidi pale vipande vinapokutana, la sivyo mpini hautatoka. Paka vanishi ndani, iache ikauke kabisa, kisha sugua nta hadi ing'ae, ili resini isishikamane na mbao. Simamisha kalibu zana ikielekea chini na kupita katika tundu la kitako. Weka noleo, yaani pete ya chuma, mahali mpini unapokutana na zana, kisha ziba nafasi zote kwa udongo wa mfinyanzi. Resini itamiminwa kutoka juu, na mapovu yatapanda kwenye kichwa cha mpini, mahali ambapo yataondolewa kwa tupa.

Vipimo

Chukua mpini wa mviringo wenye urefu wa sentimita 12 na kipenyo cha sentimita 3. Ujazo wake ni 3.14 × 1.5 × 1.5 × 12, yaani sentimita za ujazo 85 hivi. Gramu 1.2 za resini hujaza takriban sentimita moja ya ujazo. Basi zahitajika gramu 102. Ikiwa mtengenezaji ameagiza kigandishi cha asilimia 1, kipimo ni gramu 1 tu. Akikosea mwanafunzi akatia gramu 3, amezidisha mara tatu. Kwa umbo lisilo la kawaida, jaza kalibu mchanga mkavu, kisha upime mchanga huo katika silinda yenye vipimo.

Kosa hilo si dogo. Molekuli zinapoungana hutoa joto. Kigandishi kikizidi, joto hutolewa haraka kuliko linavyoweza kutoka, na ndani ya donge la resini laweza kupita nyuzi 100 za Sentigredi. Mpini hupasuka, pengine kutoa moshi. Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Kwa makadirio ya wanakemia, mwendo wa vitendo vingi vya kemikali huongezeka maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Maelekezo yaliyoandikwa kwa chumba chenye nyuzi 20 hayawezi kufuatwa kwa saa ile ile mjini Tanga mwezi Februari, wakati joto la mchana linapopita nyuzi 30: muda wa kufanyia kazi hupungua karibu nusu. Fanya kazi alfajiri, changanya kiasi kidogo, wala usishuke chini ya kiwango cha chini alichoandika mtengenezaji, maana resini yaweza kubaki laini daima.

Kazi ya mkonge

Resini peke yake ni ngumu lakini hukatika kwa urahisi. Tena hupungua inapoganda. Ile ya poliesta yaweza kupoteza asilimia 5 hadi 8 ya ujazo wake, na penye tabaka jembamba hutokea nyufa. Nyuzi huzuia ufa usisafiri. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani. Miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safarini, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo lilitokea zao lililoujenga mkoa mzima. Uzi wake una nguvu dhidi ya kuvutwa, sifa ambayo resini imepungukiwa.

Mkonge, hata hivyo, hupenda maji, na unyevu huizuia resini isishikamane na uzi. Anika nyuzi juani mpaka zikauke vizuri, zilaze kwa urefu wa mpini kuuzunguka msuka, na uziloweshe resini kidogo kidogo ili hewa itoke. Gramu 5 zatosha.

Tahadhari

Kigandishi cha poliesta ni peroksidi. Tone moja laweza kupofusha jicho. Kwa hiyo mwalimu ndiye apime na kuchanganya, akiwa amevaa miwani ya kinga na glavu. Kisichanganywe kamwe moja kwa moja na kemikali ya kuharakisha kuganda, kwa kuwa mchanganyiko huo waweza kulipuka. Mvuke wa resini hudhuru na hushika moto. Kazi ifanyike nje, mbali na jiko na sigara. Vumbi la kusugulia mpini lisivutwe puani.

Majaribio na mipaka

Darasa limimine mipini minne: yenye mkonge na isiyo nao, yenye msuka laini na yenye mapengele. Baada ya wiki moja, kila mpini ufungwe juu kwa uthabiti na zana itundikiwe ndoo, inayoongezwa maji lita moja moja. Lita 20 huvuta kwa nguvu ya nyutoni 196 hivi, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Ndoo iwe karibu na ardhi, na watazamaji wakae mbali. Matokeo yaandikwe katika jedwali, pamoja na joto la siku ya kumimina.

Mpini wa namna hii wafaa tupa, bisibisi, msharasi na patasi ndogo isiyopigwa nyundo. Haufai shoka, jembe wala nyundo. Hapo mti kama mkwaju bado ni bora, kwa kuwa nyuzi zake ndefu hupokea mshtuko na kupinda bila kuvunjika. Tena mpini wa mti huoza ukarudi ardhini, ilhali wa resini hauozi wala hauyeyushwi upya. Basi resini itumike pale tu inapookoa chuma kizuri kisitupwe.

Kwa muda mrefu pwani hii iliuza sandarusi na nyuzi za mkonge zikiwa ghafi, na wengine wakapata faida ya kujua sifa zake. Mwanafunzi anayepima gramu moja ya kigandishi na kueleza kwa nini si tatu ameanza kuipata elimu hiyo mwenyewe, na tupa yake haitamtoboa kiganja.