Riwaya kongwe zisomwe mbili mbili (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia namna ya kukusanya watu wa kusoma pamoja: wawe wangapi, wakutane wapi, na kitabu kimoja kipewe muda gani. Leo tuingie kwenye orodha yenyewe, maana hapo ndipo makundi mengi hukwama. Watu huorodhesha riwaya kumi za zamani, huanza na iliyotangulia kuchapishwa, na wakifika ya tatu wameshachoka.

Shida iko kwenye mpangilio. Orodha inayofuata miaka humpa msomaji historia ya fasihi, na hiyo wengi wetu tuliimeza shuleni, daftari la dhamira, wahusika na tamathali za semi likiwa mkononi. Mtu mzima anayerudi kwenye vitabu hivi hana mtihani wa kufanya. Anataka kitu cha kubishania. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: vitabu visomwe mbili mbili. Chagueni riwaya mbili zinazogusa jambo moja, zilizoandikwa na watu waliolitazama kutoka pande tofauti, na mjadala wa cha pili uwarudishe kwenye cha kwanza.

Anzeni na Pwani. James Mbotela alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Ni kitabu chembamba, na wataalamu hubishana kama ni riwaya au ni historia iliyosimuliwa kwa mtindo wa hadithi. Mbotela alikuwa mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari. Kwake Mwingereza ni mkombozi, na shukrani zake hazina kipimo. Msomaji wa leo huudhika haraka. Mwacheni audhike, kisha mpeni Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979.

Kuli inatupeleka bandarini Unguja, kwa wapagazi wanaobeba mizigo kwa ujira mdogo, hadi kwenye mgomo wa mwaka 1948. Kijana Rashidi anaanza kama mtu anayetafuta riziki tu, na taratibu anatambua kwamba shida yake si yake peke yake. Hapo ndipo jozi inapofanya kazi yake. Mkombozi wa kitabu cha kwanza ndiye mtawala wa kitabu cha pili, na bandari yake inaendeshwa kwa migongo ya watu wanaoitwa huru. Hata hivyo msimfukuze Mbotela. Aliandika akiwa mtoto wa mtu aliyetolewa utumwani, na kwa mtu kama huyo minyororo si mfano wa usemi. Kundi likifika mahali pa kuuliza "uhuru wa nani, na kutoka kwa nani?" limeshavuka mbali zaidi ya maswali ya karatasi ya mtihani.

Jozi ya pili ni ya kisiwa kimoja. Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi wote ni watu wa Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilitoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali ni kitabu kinene. Kigaweni mara mbili, la sivyo kitawashinda.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto. Wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao, na mume akitaka kumrudisha hana budi kuwapelekea wakwe pombe ya ndizi. Kitereza hana haraka. Ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa, pombe inachachuka, mitungi inabebwa, na msomaji anafuata kila hatua. Wengi huruka kurasa hizi. Sisi katika kundi letu tulizisoma kwa sauti, na ubishi ukazuka papo hapo. Mzee mmoja alisema wakwe wale walikuwa na tamaa tu. Kijana aliyeketi karibu naye akamjibu, "Samahani mzee wangu, hapo umewaonea. Pombe ndiyo iliyomfanya jamaa aombe msaada kwa ndugu na majirani. Kama si hiyo, angemrudisha mke kimya kimya na asiwe na mtu wa kumwajibisha." Mama mmoja, muuguzi, aliwasikiliza wote wawili kisha akauliza kwa nini katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyetaka kujua Bugonoka mwenyewe anataka nini. Baada ya swali hilo ilitubidi kuanza upya.

Swali la muuguzi ndilo mlango wa Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1971. Ni Ukerewe ileile, lakini sasa kuna shule, kuna misheni, kuna barua za mapenzi. Barua ya Charles kwa Rosa inamfikia baba yake, Zakaria, na binti anapigwa vibaya. Rosa analelewa kwa kufungiwa, na anapotoka nje ya boma la baba hana alichofundishwa ila hofu. Mwisho wake ni mchungu. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, baadaye kikaruhusiwa. Kikisomwa peke yake huonekana kama onyo kwa wasichana. Kikisomwa baada ya Kitereza, lawama zinahama: katika riwaya ya kwanza mume anajibu mbele ya wakwe na ukoo mzima, ilhali Zakaria analewa, anapiga, na hakuna wa kumwita barazani. Sisemi kwamba zamani palikuwa pazuri. Bugonoka naye hakuulizwa. Nasema msomaji anaona kilichovunjika, na kwamba hakuna kilichojengwa mahali pake.

Jozi ya tatu ni ya nchi zisizo kwenye ramani. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita kutafuta maarifa, wakarudi nayo, wakaadhibiwa. Mwaka 1995 Katama Mkangi alitoa Walenisi, ambamo Dzombo naye anahukumiwa, kisha anafika katika nchi ya watu wanaoishi kwa usawa. Shaaban Robert aliandika chini ya utawala wa kikoloni. Mkangi aliandika katika Kenya huru, baada ya kuwekwa kizuizini na serikali ya nchi yake mwenyewe mwaka 1986. Wote wawili walihitaji nchi ya kubuni ili waseme walichotaka. Ulizaneni kwa nini wa pili bado aliihitaji, miaka zaidi ya 30 baada ya bendera kupanda.

Kati ya jozi na jozi wekeni kitabu cha kupumzisha akili. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, kinatosha. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake hawadai maandalizi yoyote, na hata mwanachama mvivu atakimaliza.

Sheria moja inatosha kuongoza vikao hivi: kila mtu aje na ukurasa mmoja aliouchagua, ausome kwa sauti, aeleze kwa nini umemkera au umemshika. Muhtasari hauruhusiwi. Muhtasari unapatikana kwenye miongozo ya wanafunzi, na anayeuleta mara nyingi ndiye ambaye hakusoma.

Wiki ijayo tutachukua Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, na tutaona namna ya kuvipata vitabu ambavyo maduka yameacha kuviuza. Itaendelea.