Jokofu la Zahanati Likiugua: Tulitibu au Tulistaafishe?

Mama ametoka nyumbani alfajiri, mtoto mgongoni, akashuka na kupanda vilima mpaka zahanati ya parokia. Akifika anaambiwa: "Mama, leo hakuna chanjo, jokofu limezimika." Anarudi mikono mitupu. Huo ni msiba. Lakini ndugu msomaji, upo msiba mkubwa zaidi: jokofu gonjwa linaloonekana zima. Hapo mama hurudi nyumbani na furaha, kadi ya kliniki imejazwa, kumbe mtoto amechomwa dawa ambayo nguvu yake imekwisha. Surua, kifaduro au pepopunda ikija, itamkuta hana kinga.

Tangu Tanzania ilipoanza mpango wa taifa wa chanjo mwaka 1975, kazi yote imetegemea mnyororo baridi, yaani kuitunza chanjo katika baridi inayofaa toka kiwandani hadi kwenye bega au paja la mtoto. Katika zahanati, baridi hiyo ni kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, umekatika wote.

Jokofu lisilo na mota

Vijiji vingi vya Mbeya na Iringa vilikaa miaka mingi bila umeme, hivyo zahanati zikatumia majokofu ya mafuta ya taa au ya gesi. Mtindo huu ulibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters. Ndio uleule unaowekwa katika magari ya watalii yenye vitanda na jiko ndani, tunayoyaona yakipita barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya.

Watu hushangaa: moto unaletaje baridi? Ndani ya mabomba yaliyozibwa kabisa mna maji, amonia na haidrojeni. Moto huitoa amonia katika maji ikiwa mvuke. Mvuke hupoa nyuma ya jokofu na kuwa kimiminika, kisha hukauka tena ndani, na katika kukauka hunyonya joto la vitu vilivyomo. Hakuna mota wala pampu. Kila kitu hutiririka chenyewe, kama maji ya mfereji shambani.

Magonjwa yanayotibika

Kwa hiyo, kabla ya kusema limekufa, chunguza haya:

1. Je, limesimama sawa? Likiinama, kimiminika hukwama. Tumia pima maji ya mwashi. Gari la huduma ya mkoba lenye jokofu la namna hii lisiegeshwe kwenye mteremko huku jokofu likiwaka.

2. Je, moto ni wa buluu? Moto wa manjano wenye moshi ni dalili ya utambi mbovu, mafuta machafu au tundu la gesi lililoziba. Kata utambi usawa na ondoa masizi katika bomba la moshi. Tundu la gesi lisichokolewe kwa sindano, maana likipanuka moto huharibika.

3. Je, linapumua? Lisigandamizwe ukutani. Mlango usiopita hewa ni lazima, na soda au nyama za watumishi zisiwekwe humo.

Ukimaliza, subiri siku nzima ndipo uhukumu. Jokofu hili ni la polepole.

Ugonjwa usio na dawa

Ukisikia harufu kali ya amonia, au ukiona unga wa manjano kwenye mabomba ya nyuma, jua yametoboka. Zima moto, fungua madirisha, wala usiguse unga huo kwa mkono mtupu. Usimwite fundi wa kuchomelea. Ndani mna gesi zenye mgandamizo na zinazoweza kulipuka. Wako mafundi wanaoligeuza jokofu miguu juu, na kweli lililokwama huweza kuamka. Lililotoboka haliamki. Kulihangaikia ni kupoteza fedha za parokia.

Leo majokofu ya mafuta ya taa hayapendekezwi tena kwa chanjo. Mahali pasipo na umeme wa kuaminika, lipo jokofu la nguvu ya jua lisilohitaji betri, linalohifadhi baridi katika barafu yake. Bei yake ni kubwa, lakini halidai mafuta wala utambi.

Tusisahau baridi yetu

Huku kwetu tunaogopa joto, na ni haki kwa walio Usangu au Pawaga. Lakini Makete na Kitulo, mwezi Juni na Julai umande huganda majanini. Jokofu lililokazwa mno usiku kama huo hugandisha chanjo. Chanjo ya pepopunda na ile ya pamoja yenye kifaduro na dondakoo zikiganda zimeharibika, hata zikiyeyuka na kuonekana nzuri. Alama ya mraba katika chupa huonyesha joto lililozidi. Haionyeshi kuganda. Kinga ni kusoma kipimajoto asubuhi na jioni, kila siku, hata Jumapili, na kuandika.

Jokofu likizimika, hamishia chanjo katika kibebeo chenye baridi, zipelekwe kituo cha jirani, na mratibu wa chanjo wa wilaya aarifiwe siku hiyohiyo. Zenye mashaka zitengwe na kuandikwa. Asichomwe mtoto yeyote mpaka ijulikane.

Nasi waamini tunayo sehemu yetu. Kamati ya zahanati inapokutana, iulize swali moja: kipimajoto kilisoma ngapi juzi asubuhi? Daftari likiwa tupu, hapo ndipo ugonjwa ulipo, na matibabu yaanzie hapo kabla ya kuchangisha fedha za jokofu jipya.