Wakati Uliopita Hali ya Kuendelea katika Kiingereza na Ulinganifu Wake na Kiswahili: Mifano kutoka Peramiho

1.0 Utangulizi

Peramiho, kilomita zipatazo 24 magharibi ya mji wa Songea, ni mahali ambapo lugha tatu hukutana kila siku: Kingoni nyumbani, Kiswahili sokoni na katika shule ya msingi, na Kiingereza katika madarasa ya sekondari na katika maandishi ya hospitali. Mwanafunzi wa huko, sawa na wenzake kwingineko nchini, hufundishwa mapema kwamba "alikuwa akisoma" ni "he was reading". Kanuni hiyo si kosa, ila haitoshi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maumbo haya mawili yanalingana kwa sehemu tu, na kwamba makosa mengi ya wanafunzi hutokea pale ulinganifu huo unapokoma. Mifano yote imetungwa na mwandishi.

2.0 Umbo

Katika lugha zote mbili kitenzi kisaidizi hubeba njeo, na kitenzi kikuu hubeba hali. Tazama mfano (1):

(1) (a) Wakulima walikuwa wakipalilia mahindi.
(b) The farmers were weeding the maize.

Kiingereza hutumia "was" kwa nafsi ya kwanza na ya tatu umoja, na "were" kwa nafsi nyingine zote. Kisha kitenzi kikuu huongezewa "-ing". Kiswahili hutumia "-li-" katika kitenzi "kuwa", na "-ki-" au "-na-" katika kitenzi kikuu. Tofauti iliyo dhahiri ni kwamba Kiswahili hurudia kiambishi cha nafsi katika vitenzi vyote viwili, ambapo Kiingereza hutaja mtenda mara moja. Ukanushi hukaa kwenye kisaidizi kotekote: "hawakuwa wakipalilia", "were not weeding". Katika kauli ya kutendwa, "kanisa lilikuwa likijengwa" ni "the church was being built".

3.0 Matumizi ya msingi

Reichenbach (1947) alitenga wakati wa tukio, wakati wa kusema na wakati wa rejea. Umbo la Kiingereza tunalolijadili huweka wakati wa rejea ndani ya tukio ambalo halijakwisha:

(2) (a) Mvua ilipoanza, wakulima walikuwa wakipalilia.
(b) When the rain started, the farmers were weeding.

Kitenzi cha kwanza hutoa wakati wa rejea; cha pili hueleza kilichokuwa kikiendelea wakati huo. Hapa mwanafunzi hapati taabu.

4.0 Mahali ulinganifu unapokoma

Comrie (1976) ameigawa hali isiyotimilifu katika mazoea na mwendelezo, na katika mwendelezo akatenga utendaji unaoendelea na hali tuli. Kwa msingi huo, twaweza kusema kwamba "alikuwa aki-/ana-" huenea karibu eneo lote la hali isiyotimilifu, ilhali "was ...-ing" hushika hasa sehemu ya utendaji unaoendelea. Kutokana na hayo, maeneo manne yanahitaji uangalifu.

Kwanza, mazoea. "Zamani misheni ilikuwa ikichapa vitabu" haielezi tukio la saa moja. Kiingereza hudai "used to print" au "printed". "Was printing" humfanya msomaji asubiri kuambiwa ni lini.

Pili, vitenzi vya kujua, kuamini na kumiliki. "Nilikuwa najua" ni "I knew". "I was knowing" ni tafsiri ya mofimu kwa mofimu.

Tatu, vitenzi vya kuingia katika hali fulani. Linganisha:

(3) (a) Muuguzi alikuwa anavaa koti.
(b) Muuguzi alikuwa amevaa koti.

Sentensi (3a) humwonyesha akiwa bado anaingiza mikono. (3b) koti limekwisha kuwa mwilini. Kiingereza husema "was putting on" kwa ya kwanza na "was wearing" kwa ya pili. Kwa hiyo "-me-" ya Kiswahili hapa hukutana na "-ing", kinyume cha mazoezi ya darasani yanayoifunga "alikuwa ame-" na "had".

Nne, muda unaoanzia nyuma. "Alikuwa anatapika tangu jana" hudai "had been vomiting since yesterday". "Was vomiting" peke yake haibebi "since".

Uzito wa jambo hili huonekana katika taarifa ya zamu wodini. Muuguzi akitaka kuandika "saa nane usiku mgonjwa alikuwa amelala", kisha akaandika "had slept", daktari ataelewa kwamba usingizi ulikwisha kabla ya saa nane. Sarufi ya sentensi yake ni safi, lakini habari imebadilika.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba umbo la Kiingereza ni jembamba kuliko lile la Kiswahili katika mazoea na hali tuli, lakini huvuka mpaka na kuingia katika eneo la "-me-". Inapendekezwa kwamba mwalimu asianze na jedwali la maumbo. Aanze kwa kumwuliza mwanafunzi, kwa Kiswahili: tukio lilikuwa likitendeka wakati huo, lilikuwa desturi, au ni hali iliyokwisha kuingia? Mwanafunzi wa Peramiho anayajua majibu hayo kwa lugha anayoimudu. Kazi ya somo la Kiingereza ni kumpa umbo linalolingana na kila jibu.