Jitu Liliondoka, Duka la Mtaa Likabaki

Siku hizi askari hahitaji tena kuvua buti ili aende sokoni. Hujinyoosha kitandani mwake kambini, simu mkononi, akaagiza saa au viatu vya mtoto kutoka katika maduka makubwa ya mtandao ambayo maghala yake yako China, Dubai ama Marekani. Sisi hatuna ugomvi na simu. Ugomvi wetu ni na ile dhana, iliyoenea hasa miongoni mwa vijana wa vikosi, kwamba duka kubwa ndilo la kutegemewa, na butiki ya jirani ni ya kununulia kiberiti na chumvi. Yaliyotokea hapa Kigali yanaonyesha kinyume.

Wakongwe wanaikumbuka Nakumatt. Kampuni hiyo ya Kenya ilifika Kigali mwaka 2008, ikawa fahari ya mji. Madeni yakaizidi nguvu, rafu zikabaki wazi, na Januari 2018 mahakama ya Nairobi ikaiweka chini ya msimamizi. Leo jina lake ni hadithi.

Ikaja Jumia, iliyoanzishwa Lagos mwaka 2012. Aprili 2019 hisa zake zilianza kuuzwa katika soko la hisa la New York, na wengi wakaamini kwamba hapana wa kuitikisa. Tarehe 9 Januari, 2020, ikasimamisha huduma yake ya kupeleka vyakula mjini Kigali. Hapana sheria iliyovunjwa. Mfanyabiashara aliye mbali hupiga hesabu yake, na mji wetu ulikuwa tarakimu ndogo katika hesabu hiyo.

Wiki kumi baadaye, tarehe 21 Machi, Serikali ilitangaza amri ya watu kubaki majumbani kwa sababu ya UVIKO-19. Maduka yote yalifungwa isipokuwa ya vyakula, dawa, vifaa vya usafi na mafuta. Pikipiki zilikatazwa kubeba abiria lakini zikaruhusiwa kubeba mizigo. Askari polisi waliosimama barabarani majuma yale wanajua vema ni nani waliolisha mji: wachuuzi wa mboga, wenye butiki, na madereva wa pikipiki waliokuwa wakipita na magunia badala ya abiria. Mwaka huohuo ikazaliwa Vuba Vuba, kampuni ya Wanyarwanda, ikashika kazi ya kupeleka vyakula iliyokuwa imeachwa. Jina lake, kwa wasiojua Kinyarwanda, ni haraka haraka.

Lakini kwetu sisi tuliovaa sare liko jambo zito kuliko kasi. Vijana wetu wako Jamhuri ya Afrika ya Kati tangu mwaka 2014, na Julai 2021 askari na polisi walipelekwa Cabo Delgado, Msumbiji. Aondokapo mlezi wa nyumba kwa miezi mingi, nyumba yake hubaki mikononi mwa mtaa. Mtoto akiugua usiku na unga umekwisha, duka la mtandao litadai malipo kwanza. Mwenye butiki wa Kimisagara au Nyamirambo atafungua daftari lake, ataandika jina, atatoa unga na sabuni, na tena atauliza mtoto anaendeleaje. Amana hiyo haijengwi kwa siku moja. Hujengwa na aliyekuwa akinunua hapo alipokuwa na fedha. Anayepeleka mshahara wote ng'ambo kwa simu, kisha akabisha hodi dukani siku ya dhiki tu, asistaajabu akipokewa kwa ubaridi.

(Hatuzungumzii AFOS, duka la vyombo vyetu vya ulinzi na usalama. Hilo ni letu na nafuu yake inajulikana.)

Wala tusiwapake asali wenye maduka madogo. Wako ambao kilo yao hupungua kila mwisho wa mwezi, na wako wanaogeuka viziwi wakiombwa risiti. Risiti ya EBM ni haki ya mnunuzi, na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ndiyo inayojenga barabara tunazolinda. Bei nayo mara nyingine hupanda kuliko ya duka kubwa. Kwa redio au simu mpya, linganisha bei popote upendapo. Kwa chakula cha nyumba, mjue muuzaji wako.

Anayejiandaa kwa safari ya kikazi na amwendee mwenye duka mapema, akiwa pamoja na mkewe, au mumewe ikiwa msafiri ni mama. Wakubaliane ni nani atakayechukua vitu kwa mkopo, kiasi gani kwa mwezi, na siku gani malipo yatatumwa kwa Mobile Money. Madaftari yawe mawili yenye maandishi yaleyale, moja dukani na jingine nyumbani.